Safari Tuli ya Mama Pindo

Wizara ya Mwendo Safi ilitangaza kwamba wananchi wote wamekwisha kuyapenda magari ya umeme, na kwamba utafiti wa kuthibitisha jambo hilo ungeanza wiki inayofuata.

Tangazo lilisomwa na Waziri mwenyewe, mbele ya bango lenye picha ya gari jeupe lililoegeshwa juu ya majani mabichi. Alilisoma kwa sauti ya mtu anayeleta habari za mtoto kuzaliwa. Alisema zama za moshi zimefika ukingoni. Alisema kaya zimeshaamua. Mwandishi wa habari mmoja akauliza ni kaya zipi hizo, Waziri akamgeukia Bwana Wastani, na Bwana Wastani akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayezijua zote mpaka wanachopika.

Alikuwa na jina lake, limeandikwa kwenye kibao cha mlango, lakini wizarani halikuwa na kazi. Yeye ndiye Mtafiti Mwandamizi wa Matumizi ya Kaya, na kila alipoulizwa jambo, iwe bei ya sabuni au afya ya watoto wake, alianza kwa kusema "kwa wastani". Hata mkewe akimpigia simu kumuuliza kama atarudi kula, alijibu kwamba kwa wastani, ndiyo. Mkewe alishazoea kumpakulia nusu sahani.

Mpangilio wa tangazo lile, matokeo kwanza na utafiti baadaye, haukumsumbua. Kwa maoni yake, utafiti usiojua unakoelekea ni kuchezea karatasi za serikali. Tena alikuwa na sababu yake. Kiti cha Mkurugenzi kilikuwa wazi tangu mwenyewe alipostaafu. Kilikuwa kiti cha kuzunguka, kingali kimevikwa nailoni ya dukani, na pamoja nacho kulikuwa na gari la kazi na dereva wa kulifungulia mlango. Bwana Wastani alikuwa akipita chumbani humo mara kwa mara, anasukuma kiti kidogo kwa kidole, anakitazama kikizunguka, kisha anatoka bila kuaga.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuchagua kaya. Bajeti ilikuwa imetosha kununua magari ya umeme kwa viongozi wote wa serikali, manaibu wao na wasaidizi wa manaibu, na likabaki moja kwa ajili ya wananchi. Watu wa nje wangeona ni upungufu. Bwana Wastani aliona ni wepesi. Kaya moja inatosha kabisa, aliiambia kamati, mradi iwe ni kaya ya wastani. Ukishaipata hiyo, ukiiona imekula, ujue nchi nzima imeshiba.

Shida ni kwamba takwimu zilisema kaya ya wastani ina watu wanne na zaidi ya nusu ya mtu. Walizunguka mitaa. Walikuta kaya za watu watano, za watu wanne, za mtu mmoja na paka wake. Mwishowe wakafika kwa fundi cherehani mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa sababu hata ukimpelekea suruali ya kubana kiuno, kwanza atakuvuta karibu akague pindo la hiyo uliyovaa. Alikuwa na mume, fundi bomba asiyeonekana nyumbani mpaka jioni. Alikuwa na watoto wawili. Na alikuwa na mama mkwe, Bibi, ambaye alikuwa akila hapo na kushinda hapo, lakini akilala kwa mwanawe mwingine nyumba ya pili, kwa sababu alisema godoro la huku lina mashimo.

"Huyo ndiye nusu na ushei," Bwana Wastani alisema, na machozi yalimlengalenga.

Hivyo ndivyo nyumba ya Mama Pindo ilivyotangazwa kuwa Kaya Wakilishi.

Gari lililetwa na kreni. Halikuweza kupita getini, maana geti la uani lilikuwa na upana wa toroli moja, na kichochoro cha kufikia hapo watu wawili wenye ndoo walikuwa wakipishana kwa kuombana radhi. Kreni ikasimama barabara kuu, ikanyanyua gari juu ya mapaa ya watu, ikalishusha katikati ya uwanja taratibu kama mtu anayemweka mtoto aliyelala. Juu yake mafundi wakajenga kibanda chenye paneli za sola. Waya wa paneli ulikuwa na kichwa cha ajabu ambacho hakiingii mahali popote duniani isipokuwa kwenye lile gari.

Mama Pindo alikuwa amesimama na futi ya kupimia shingoni. Akalitazama gari, akatazama geti, akalitazama gari tena.

"Sasa hili litatokaje?"

"Mama, kutoka hakumo kwenye utafiti," alisema Bwana Wastani. "Sisi tunaangalia matumizi."

"Na ataendesha nani? Baba watoto anajua baiskeli, tena ile isiyo na kengele."

Bwana Wastani akaeleza kwa upole kwamba mambo ya leseni yako chini ya idara nyingine, na mambo ya mageti yako chini ya nyingine kabisa, ambayo kwa sasa haina mtu. Kisha akafungua mlango wa gari, akamwonyesha kidude kidogo chenye taa ya kijani kilichobandikwa chini ya usukani. Hicho ndicho kitakachopeleka habari wizarani. Gari likitumika, umeme wa betri unapungua, kidude kinasema. Lisipotumika, kidude kinanyamaza, na kreni inakuja kulichukua.

"Ngoja nikuelewe," Mama Pindo alisema. "Umeme ukipungua, mnaridhika."

"Tunaridhika sana."

"Usipopungua, mnachukua."

"Ndiyo, mama."

"Haya. Mengine niachie."

Sasa ieleweke kwamba umeme wa mtaa ule ulikuwa na tabia zake. Ulikuja bila hodi na kuondoka bila kuaga. Mama Pindo alikuwa na cherehani ya umeme iliyosimama kimya zaidi kuliko ilivyoshona, shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na sare za watoto wa mtaa mzima zilikuwa zimerundikana mezani zikiwa na mkono mmoja mmoja. Hilo lilikuwa la kuudhi. Lililomnyima usingizi lilikuwa jingine. Bibi alikuwa na ugonjwa wa sukari, na dawa yake ya sindano ilitakiwa kukaa kwenye friji. Friji isiyo na umeme ni kabati. Mara mbili tayari dawa ilikuwa imeharibika, na mara ya pili Bibi alipelekwa hospitali akiwa hajui yuko wapi, akimwita Mama Pindo kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Tangu hapo Mama Pindo alikuwa akiihifadhi dawa kwenye mtungi wenye kitambaa kibichi, na kila akipita anaugusa kwa kiganja, kama anavyomgusa mtoto mwenye homa.

Jioni ileile, umeme ulipokatika, alifungua buti la gari atafute pa kuweka vitambaa. Akaona soketi, ya kawaida tu, kama ya ukutani kwake. Aliinama akaitazama kwa muda. Kisha akamwambia mkubwa wa wale watoto amletee waya mrefu wa kuunganishia umeme, akaupitisha dirishani, akachomeka friji. Friji ikakohoa, ikaanza kuunguruma.

"Bibi," aliita, "dawa yako imepata gari."

"Inaenda wapi?" Bibi akauliza.

"Haiendi popote. Ndiyo uzuri wake."

Siku iliyofuata akachomeka cherehani. Halafu kinyozi wa jirani, ambaye mteja wake alikuwa ameachwa na kichwa kilichonyolewa nusu, akaomba waya upite juu ya ukuta. Halafu simu. Simu zilikuja kwa mafungu, kila moja na kipande cha kitambaa chenye alama ya mwenyewe, zikapangwa juu ya boneti kama dagaa juani. Mama Pindo akaweka benchi na sheria: dawa ya Bibi kwanza, cherehani pili, vichwa vya watu tatu, simu mwisho, na anayetaka kuruka foleni akanunue gari lake.

Kule wizarani, kidude kilikuwa kinasema, na kilisema bila kupumzika.

Hapa lazima kuutaja Mlinganyo. Ulikuwa umebuniwa na Bwana Wastani mwenyewe, ukapitishwa na kamati, ukapigwa muhuri. Kazi yake ilikuwa kupokea umeme uliotumika na kuugeuza kuwa kilomita, kwa kuwa gari, kama inavyojulikana, hutumia umeme kwa kwenda. Mwezi wa kwanza Mlinganyo ulionyesha kwamba Kaya Wakilishi imevuka mpaka wa nchi. Mwezi wa pili ilikuwa imevuka bahari. Mwezi wa tatu, cherehani ikishona mfululizo, familia ilikuwa imeizunguka dunia mara moja na inaianza mara ya pili.

Kuna mtu ambaye angepata wasiwasi. Bwana Wastani alikuwa mwangalifu kuliko huyo, alipiga simu.

"Mama, uko wapi saa hizi?"

"Niko nyumbani. Niende wapi na kazi yote hii?"

Akapiga tena kesho yake, na keshokutwa, kwa saa tofauti, na kila mara alikuwa nyumbani. Bwana Wastani akaandika kwenye ripoti kwamba kaya husafiri mbali sana na hurudi kwa wepesi wa kupigiwa mfano. Kisha akaenda kukizungusha kile kiti.

Waziri alipoletewa ripoti alisoma ukurasa wa picha, akaamuru waandishi wa habari waitwe siku hiyohiyo. Akatangaza kwamba mwananchi wa kawaida ameizunguka dunia kwa gari la umeme bila kutoa moshi hata wa kufukuza mbu. Na kwa kuwa serikali yake ni sikivu, akaendelea, kuanzia siku atakayoitembelea kaya hiyo, kila inavyolitumia gari lake ndivyo serikali itakavyoyatumia magari yake yote, kuanzia na lake yeye mwenyewe. Waraka ulikuwa tayari mezani. Akausaini mbele ya kamera, akauinua juu, akaushusha, kisha akauinua tena kwa ajili ya waliokuwa wamechelewa.

Asubuhi ya ziara, Bwana Wastani alitangulia ili kuhakikisha gari limefutwa vumbi. Alipita kichochoro kwa ubavu, akaingia getini, akasimama.

Gari lilikuwa palepale lilipowekwa na kreni. Mmea wa maboga ulikuwa umepanda gurudumu la nyuma na kuchanua maua kwenye mlango wa abiria. Chini ya boneti kuku alikuwa amelalia mayai, akamtazama kwa jicho moja. Kutoka kwenye buti zilitoka nyaya za kila rangi, zikaenda dirishani, juu ya ukuta, chini ya meza. Benchini walikaa watu na nguo za kupiga pasi. Bibi alikuwa kivulini, ameegemeza mgongo kwenye mlango wa dereva, anachambua vifungo.

Bwana Wastani alitaka kuketi, lakini benchi lilikuwa limejaa.

"Mama Pindo," alisema kwa sauti ndogo, "hili gari halijatembea."

"Litembee lipite wapi?"

"Dunia nzima. Mara mbili karibu. Nimeandika." Akakaribia. "Chomoa hizi waya, mama. Leo tu. Ondoa na kuku. Waziri yuko njiani na redio na televisheni. Wakijua halijasogea watalichukua leo hii, na mimi wataniondoa nalo."

Mama Pindo alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kola ya sare iliyokuwa mezani.

"Dawa ya mama iko kwenye friji," alisema. "Umeme wa mtaa haupo tangu juzi. Nikichomoa, ikaharibika, utamchoma nini huyu mzee? Asilimia?"

"Kwa muda tu."

"Ya kwanza iliharibika kwa muda tu." Akamtazama. "Siku ile uliniambia, umeme ukipungua mnaridhika. Umepungua haukupungua?"

"Umepungua."

"Basi ridhikeni."

Kelele zilishaanza kichochoroni. Msafara wa Waziri ulikuwa umeishia barabara kuu, magari meupe yamepangwa kama meno, na sasa viongozi walikuwa wakija mmoja mmoja kwa ubavu, wameshikilia matumbo na miwani. Wa kwanza kuingia getini alikuwa mpiga picha. Wa pili alikuwa Waziri, na kipaza sauti kikiwa tayari kimeshafunguliwa kwenye kola yake.

Alilitazama ua la boga. Alimtazama kuku.

"Ndilo hili lililozunguka dunia?" aliuliza, na uwanja mzima ukasikia, na wasikilizaji wa redio pia.

Wakati mwingine mtu huona maisha yake yote yakipita mbele ya macho. Bwana Wastani aliona kiti. Alikiona kinazunguka, kina nailoni yake. Kisha akamwona Mama Pindo, ambaye alikuwa amesogea polepole mpaka kwenye buti na kusimama mbele ya nyaya, mikono nyuma, na akajua kwamba kiganja chake kimoja kiko kwenye ule waya wa friji.

"Mheshimiwa," alisema, "hii ndiyo inayoitwa safari tuli."

"Safari tuli," Waziri akarudia, polepole.

"Ni kiwango cha juu kabisa cha mwendo safi. Gari la kawaida hubeba mtu kumpeleka kwenye huduma. Hili linabeba huduma kuja kwa mtu. Halitoi moshi. Haligongi. Halileti foleni barabarani, wala halichakazi lami. Mheshimiwa, katika magari yote ya nchi hii, hili ndilo safi kuliko yote, kwa sababu halijatoka."

Kuku akajiweka vizuri juu ya mayai. Waziri alikuwa mtu wa siasa kwa miaka mingi na alijua kwamba kipaza sauti kikiwa wazi, kuna majibu mawili tu: kukubali au kukubali kwa furaha.

"Hiyo," alisema, "ndiyo imekuwa sera yetu tangu mwanzo."

Watu wa benchi wakapiga makofi. Mama Pindo akaachia waya. Bwana Wastani akapumua, na kwa dakika chache nchi ilikuwa na amani.

Ndipo yule mwandishi wa habari, yuleyule wa kuuliza kaya zipi, akainua mkono. Akaomba tu kuelewa vizuri. Waraka uliosainiwa unasema kwamba tangu leo serikali italitumia kila gari lake kama kaya hii inavyolitumia lake, kuanzia na la Mheshimiwa. Je, kazi inaanza sasa hivi, maana kamera bado zina betri?

Waziri alimgeukia Bwana Wastani. Bwana Wastani aliinamisha kichwa, kama kawaida yake, lakini safari hii hakukiinua.

Kreni ilifanya kazi wiki nzima. Gari la Waziri lilishushwa uani kwa kinyozi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. La Naibu lilikwenda zahanati, likachukua friji ya chanjo. Mengine yakapita juu ya mapaa ya mji moja baada ya jingine, meupe, taratibu, na watoto walitoka madarasani kuyapungia. Madereva walipewa vyeo vipya vya Wasimamizi wa Kutokwenda, na kwa mara ya kwanza wakaanza kula chakula cha mchana na familia zao.

Bwana Wastani akapewa Ukurugenzi. Hakuna aliyeweza kumnyima. Matokeo yalikuwa yamelingana na tangazo kuliko utafiti wowote katika historia ya wizara. Alitoa nailoni ya kiti kwa mikono yake. Gari la kazi alionyeshwa picha yake tu, liko kwa fundi wa kuchomelea vyuma upande wa pili wa mji, na kwa mujibu wa Mlinganyo lilikuwa linakaribia ncha ya kaskazini. Yeye mwenyewe alikuwa anakwenda kazini kwa miguu. Soli ya kiatu cha kulia iliachia kwanza.

Mwaka ulipotimia, wizara iliandaa sherehe za Mafanikio ya Mwendo Safi. Siku hiyo umeme wa mjini haukuwepo. Waziri alikuwa na hotuba ndani ya simu iliyozimika na shati lililokunjamana, na mahali pekee palipokuwa na pasi ya moto panajulikana. Alifika kwa Mama Pindo akiwa na vumbi mpaka magotini, bila msafara, jasho likimtiririka hadi kidevuni. Akapita benchi moja kwa moja mpaka mezani, akaweka simu na shati mbele ya cherehani.

"Haraka kidogo, mama. Watu wananisubiri."

Mama Pindo hakuinua macho kwenye mshono. "Benchi liko pale."

Waziri akashusha sauti. "Mama, unanifahamu mimi?"

"Nakufahamu vizuri. Wewe ndiye uliyesema serikali itafanya kama ninavyofanya mimi." Akakata uzi kwa meno. "Mimi hospitali napanga foleni. Bombani napanga. Hata dukani kwa chumvi. Kaa nyuma ya huyo wa mwisho."

Wa mwisho alikuwa Bwana Wastani, na kiatu chake mkononi. Akasogea kumpa nafasi. Walikaa wakiwa wamegusana mabega, wakitazama buti, ambamo waya wa friji ya Bibi ulikuwa umechomekwa, wa kwanza kabisa katika orodha.

"Tutafika saa ngapi mbele?" Waziri akanong'ona.

Mkurugenzi wa Matumizi ya Kaya akafikiri. "Kwa wastani," alisema, "tulishafika."

Bibi, kivulini pake, alimtazama mgeni kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu vyenye vumbi, akamwonea huruma.

"Pole, mwanangu," alisema. "Umetoka mbali?"

"Wizarani, Bibi."

"Kwa miguu? Jamani. Na magari yote yale serikali iliyonayo." Akamsukumia bakuli la vifungo mapajani. "Haya, ukiwa unasubiri, nichambulie vya mashimo manne."